Mwenye Kitabu ni Nani?

Hapo zamani, tulipokuwa walimu wapya katika shule moja ya sekondari huku Uganda, chumba cha walimu kilikuwa na kabati la mti mgumu lenye kufuli. Ndani yake kiliwekwa kitabu kimoja cha tenzi, kilichochapwa miaka mingi nyuma, ambacho hakikupatikana tena madukani. Ilikuwa nakala pekee shuleni, na kwa kadiri tulivyojua, nakala pekee katika wilaya nzima. Mwalimu aliyetutangulia katika somo, ambaye tulimheshimu kama kaka mkubwa, aliutia ufunguo mfukoni mwake. Na kila tulipomwomba kitabu hicho alitujibu kwa upole kwamba wanafunzi hukunja kurasa, mikono yao ina wino, na kitu cha pekee hakichezewi. Likizo moja ndefu ikapita. Tulipofungua kabati tulikuta jalada limesimama mahali pake, zima kabisa. Tulipoligusa likabonyea, kwa kuwa ndani hamkuwa na kurasa tena bali udongo wa mchwa.

Nasi tusijisifu. Katika miaka hiyo hiyo tulikuwa na kitabu chetu wenyewe cha mashairi, kilichokuwa adimu vilevile. Sisi tulijiona wakarimu, tukawaazima wanafunzi bila kuandika mahali popote nani amechukua na lini. Mara ya kwanza kilirudi bila jalada, mara ya pili kilirudi bila kurasa za mwanzo, na mara ya tatu hakikurudi.

Tangu siku hizo tumekuwa tukijiuliza: kati ya mwenzetu aliyefungia na sisi tulioachilia, ni nani aliyekikosea kitabu? Nyuma ya swali hilo lipo jingine kubwa zaidi: mtu akiwa na nakala ya mwisho ya kitabu, je, ni mali yake kweli, aitumie apendavyo kama atumiavyo shati lake? Au ipo haki ya watu wengine ndani yake, hata wale ambao hawajazaliwa?

Ili kulipima swali hili vizuri, yafaa tuondoke kwanza nyumbani, maana jambo la nyumbani hutiwa chumvi na mapenzi na hasira. Twende Hispania, kwenye vitabu ambavyo leo ni miongoni mwa vitabu adimu mno duniani: hadithi za mashujaa wapanda farasi zilizochapwa mwishoni mwa karne ya kumi na tano na katika karne ya kumi na sita.

Hadithi hizo zilikuwa chakula cha watu wa zama zile. Ndani yake mna vijana waungwana wasiojua wazazi wao, wachawi, majitu, visiwa vya ajabu, mapenzi ya siri, na mapambano yasiyokwisha. Aghalabu zilichapwa katika vitabu vikubwa vyenye maandishi mazito meusi, safu mbili kila ukurasa, na katika ukurasa wa mwanzo picha iliyochongwa katika ubao ikimwonyesha shujaa juu ya farasi wake. Iliyotangulia kwa sifa ni hadithi ya Amadís de Gaula. Ilikuwa ikisimuliwa na kunakiliwa tangu karne ya kumi na nne, kisha Garci Rodríguez de Montalvo akaipanga upya, na chapa yake ya kale kabisa iliyobaki ni ile iliyotolewa Zaragoza mwaka 1508. Montalvo huyo huyo aliandika mwendelezo wake kuhusu Esplandián, mwana wa Amadís, na humo ndimo jina la California lilimotoka, likiwa jina la kisiwa cha wanawake wapiganaji.

Hadithi hizi hazikusomwa na mabwana wakubwa peke yao. Mtakatifu Teresa wa Ávila, aliyezaliwa mwaka 1515, alikiri katika maandishi ya maisha yake kwamba utotoni alizisoma pamoja na mama yake, huku wakimficha baba. Ignatius wa Loyola, alipolala na mguu uliovunjwa vitani mwaka 1521, aliomba aletewe hadithi za namna hii. Hazikuwamo nyumbani, akapewa vitabu vya dini, na maisha yake yakageuka. Mwaka 1531 serikali ilikataza zisipelekwe Amerika, isije ikawa wenyeji wapya wa kusoma wakazichukua kuwa kweli. Zilikwenda hata hivyo.

Sasa tutazame kilichobaki. Ile chapa ya Amadís ya mwaka 1508 imebaki nakala moja tu ijulikanayo, nayo imo London, katika Maktaba ya Uingereza. Hadithi ya Palmerín de Olivia ilichapwa Salamanca mwaka 1511. Nakala moja ya chapa hiyo imo Vienna. Hadithi ya Tirant lo Blanch, aliyoiandika Joanot Martorell kwa lugha ya watu wa Valencia, ilichapwa mjini humo mwaka 1490 kwa idadi ya nakala 715. Kati ya hizo zimebaki tatu: moja London, moja New York, na moja nyumbani kwake, katika Chuo Kikuu cha Valencia.

Nakala 712 zilikwenda wapi? Jibu la haraka ni kwamba watu hawakuzijali. Jibu hilo si sahihi. Kitabu kisichopendwa hukaa rafuni karne nzima bila kuguswa, kikadumu. Hadithi za mashujaa zilipotea kwa sababu zilipendwa. Katika sehemu ya kwanza ya Don Quixote, iliyochapwa Madrid mwaka 1605, Cervantes anamleta mwenye nyumba ya wageni ambaye anaeleza kwamba wakati wa mavuno wavunaji hukusanyika kwake siku za mapumziko. Mmoja ajuaye kusoma hushika kitabu, na zaidi ya watu thelathini humzunguka na kusikiliza. Msomaji wa Kiswahili ataona picha hiyo mara moja, kwa kuwa ndivyo tenzi zetu zilivyoishi: mmoja anasoma, baraza zima linasikia. Kitabu kinachosomwa hivyo, msimu baada ya msimu, hakiwezi kufika karne ya pili. Huchakaa, hulowa, huchanika. Kisha ladha za watu zikabadilika, na hapo ndipo karatasi iliyochakaa ikakosa mtetezi.

Hapa basi mizani yetu inaanza kuyumba. Tukisema kitabu ni cha kusomwa, basi zile nakala 712 zilitimiza kazi yake na kufa kifo cha heshima. Lakini kama zote 715 zingekufa kifo hicho cha heshima, leo tusingekuwa na kitabu cha mwaka 1490 cha kukizungumzia. Tunawadai shukrani wasomaji waliokimaliza na wale wachache ambao, kwa sababu nzuri au mbaya, hawakukisoma sana.

Huyo Cervantes alilitazama jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Don Quixote wake, kabla hajawa kichaa wa kupigana na vinu vya upepo, ni mkusanyaji wa vitabu. Aliuza mashamba mazuri ili anunue hadithi za mashujaa. Wahenga walisema kipendacho roho hula nyama mbichi. Na mzee yule alikula ardhi ya baba zake. Hapo tunaona ubaya wa kwanza wa ukusanyaji: shamba lingelisha watu, kitabu kilimlisha mmoja, tena kikamlevya.

Lakini katika mlango wa sita Cervantes anatuonyesha ubaya wa upande wa pili. Kasisi na kinyozi, rafiki zake mzee huyo, wanaingia chumba cha vitabu kuvihukumu, na mtumishi wa nyumba anangoja kuvichoma. Kasisi anataka Amadís atupwe motoni kwa kuwa ndiye chanzo cha hadithi zote hizi. Kinyozi anamtetea kwamba ndiye bora katika aina yake, naye anasamehewa. Baadaye kasisi anachoka. Anaamuru vitabu vyote vikubwa vitupwe uani bila kutazamwa. Mtumishi anakumbatia vingi kwa mara moja, kimoja kinaponyoka na kuangukia miguuni pa kinyozi. Anakiokota, na kumbe ni hadithi ya Tirant, ambayo kasisi anaisifu kuwa hazina ya furaha na kuamuru ichukuliwe nyumbani ikasomwe. Usiku ule vilivyobaki viliteketea, na mwandishi anakiri kwamba baadhi yake vilistahili kuhifadhiwa daima.

Tafakari jambo hilo, ewe mwalimu. Kitabu hakikuokolewa na haki ya hukumu, bali na kuanguka. Na watu wale wale waliokuja kuchoma wakaondoka na vitabu mikononi. Hakimu aliyechoka ndiye mchomaji mbaya kuliko wote, maana hachomi kwa chuki, huchoma kwa uvivu. Ni mara ngapi katika shule zetu vitabu vya zamani vimetupwa shimoni kwa sababu mtu amechoka kuvipanga?

Basi mkusanyaji, pamoja na ulevi wake, husimama kati ya kitabu na uchovu wa watu. Lakini mkusanyaji wa namna gani? Hapa twaweza kuwatazama wawili.

Wa kwanza ni Hernando Colón, mwana wa baharia Christopher Columbus, aliyezaliwa mwaka 1488 na kufariki mwaka 1539. Huyu aliishi wakati ule ule ambapo hadithi za mashujaa zilikuwa zikitoka mitamboni. Alizunguka Ulaya akinunua vitabu, naye hakuchagua vya wanachuoni tu. Alinunua hata vijitabu vya senti chache, nyimbo na visa, ambavyo wakusanyaji wengine waliviona takataka. Alikusanya vitabu zaidi ya 15,000. Na katika kila kitabu alizoea kuandika mahali alipokinunua, tarehe, na bei aliyolipa. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari; Hernando hakuisikia methali hiyo, ila aliiishi. Aliweka pia watu wa kusoma vitabu na kuandika muhtasari wa kila kimoja, ili asiyeweza kukifikia kitabu apate walau habari zake.

Hata hivyo, mtu huyu mwenye moyo mpana aliogopa mikono ya watu. Alipanga kwamba wasomaji watenganishwe na vitabu kwa wavu wa chuma, wenye nafasi ya kupitisha mkono wa kufungulia ukurasa, kwani aliamini kwamba vitabu haviwezi kulindwa hata kwa minyororo. Na je, wavu ulivilinda? Baada ya kifo chake maktaba ilihamishwa huku na huku, ikafika kanisa kuu la Sevilla mwaka 1552, ikapuuzwa. Leo vimesalia vitabu kama 4,000. Bali ule muhtasari wake, uliodhaniwa umepotea, ulitambuliwa Copenhagen, na habari hiyo ikatangazwa mwaka 2019. Hivyo maelfu ya vitabu vilivyolindwa kwa chuma vimepotea, na maneno yaliyonakiliwa yakatuambia vilikuwa vitabu gani.

Wa pili ni Archer Huntington, tajiri wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1870. Aliipenda Hispania tangu ujana, akajifunza lugha zake, na mwaka 1902 akanunua kwa mara moja maktaba ya Marqués de Jerez de los Caballeros iliyokuwa Sevilla. Maelfu ya vitabu adimu vikavuka bahari. Wataalamu wa Hispania walihuzunika kama watu waliofiwa, na hatuwezi kuwalaumu. Mwaka 1904 Huntington alianzisha mjini New York chama chenye maktaba na makumbusho ya mambo ya Kihispania, na baadaye milango ikafunguliwa kwa umma. Mwaka huo huo wa 1904 alitoa chapa iliyofuata kwa picha, ukurasa kwa ukurasa, ile Tirant ya mwaka 1490, na kitabu kilichokuwa na nakala tatu tu duniani kikaweza kuonekana na mtu asiyekuwa na nauli ya meli.

Je, Huntington alikuwa mwizi au mwokozi? Mwizi hakuwa, alinunua kwa mwenye mali, na mwenye mali aliuza kwa hiari. Lakini tukisema hivyo na kunyamaza, tumejibu swali la mahakamani, hatujajibu swali la dhamiri. Mwuzaji aliuza karatasi zilizokuwa zake. Kumbukumbu ya watu wa Sevilla haikuwa yake kuiuza. Na watu wa Sevilla nao, walipokuwa na vitabu hivyo mlangoni pao, ni wangapi waliouliza habari zake? Mara nyingi cha nyumbani hatukijui thamani mpaka mgeni akisifu. Kwa hiyo lawama, tukiigawa kwa haki, haitamwangukia mgeni peke yake.

Pengine msomaji atasema: maneno yakishachapwa upya, ya nini kugombea karatasi kuukuu? Anayetaka kusoma Amadís leo atanunua chapa mpya yenye maelezo. Hoja hii ina nguvu, lakini haifiki mwisho. Chapa mpya hutegemea ya kale kama vile mjukuu ategemeavyo babu kumweleza ukoo. Kila mpiga chapa huruka neno hapa, hurekebisha pale, huongeza lake. Nakala ya mwaka 1508 ndiyo shahidi tunayemrudia tunapotaka kujua ni nani aliyesema nini kwanza. Tena karatasi yenyewe husema mambo yasiyokuwamo katika maneno: bei aliyoiandika mnunuzi, mstari uliopigwa na msomaji aliyekwisha kufa, doa la nta ya mshumaa. Basi maneno yanatakiwa kuenea, na shahidi anatakiwa kuishi. Asiyetaka maneno yaenee ni bahili. Asiyejali shahidi aishi ni mpotevu. Mwenzetu wa kabatini alikuwa wa kwanza; sisi tulikuwa wa pili.

Na sasa twaweza kurudi nyumbani, kwa kuwa jambo hili si geni kwetu. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yaliishi katika vinywa vya watu wa Mombasa. Mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya na kuyaeleza, akifanya kazi pamoja na mmisionari W. E. Taylor, na maandishi hayo yakaishia London. Yangeweza kulala huko milele. Lakini mwaka 1940 William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz, mwana wa pwani yenyewe, akatoa kitabu chake juu ya Muyaka. Maneno yakarudi yalikotoka. Vilevile maandishi ya tenzi aliyoyakusanya J. W. T. Allen katika nyumba za watu wa pwani yaliwekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mwanafunzi wa kwetu aweza kuyaomba. Twaona kwamba Sikujua ndiye aliyestahili sifa ya kwanza, naye hakuwa tajiri. Alikuwa mwalimu aliyesikia, akaandika, akaeleza.

Kutokana na haya yote sisi tunaona hivi. Nakala ya mwisho ya kitabu ni amana. Neno hili Kiswahili kinalifahamu vyema. Mwekewa amana hushika kitu kwa haki, wala mtu hawezi kumnyang'anya ovyo. Lakini hakishiki kwa ajili yake mwenyewe, na iko siku ataulizwa. Anayo mamlaka ya kukilinda, hana mamlaka ya kukiua, wala kwa moto, wala kwa kufuli.

Amana hii ina wajibu wa namna tatu. Wa kwanza ni kuandika: kitu gani kipo, kilitoka wapi, kiko kwa nani. Pascual de Gayangos alipotoa orodha ya hadithi za mashujaa mwaka 1857, na Daniel Eisenberg alipotoa yake mwaka 1979, walivitumikia vitabu vile bila ya kuvimiliki. Wa pili ni kufungua mlango kwa mwenye haja ya kweli, kwa saa maalumu na kwa masharti, si kwa hisani ya siku mwenye ufunguo alipoamka na furaha. Wa tatu ni kunakili, ili kitu kisiwe tena cha pekee. Mkusanyaji anayejivunia kwamba ni yeye peke yake aliye nacho, na ambaye angehuzunika kusikia nakala ya pili imepatikana, hakipendi kitabu. Anajipenda mwenyewe, na kitabu ni kioo chake.

Tunajua kwamba kunakili kuna hatari yake. Wako wanaosema: tuachieni asili, nanyi chukueni picha. Siku hizi ambapo kurasa hupigwa picha na kutazamwa katika kompyuta, maneno hayo yamekuwa mepesi zaidi kutamkwa. Picha ni deni lililolipwa nusu. Inamfaa msomaji, na kwa hiyo tuipokee kwa mikono miwili. Lakini hailifungi shauri la mahali shahidi anapostahili kukaa.

Sasa turudi kwenye lile kabati. Tungeweza kufanya nini, mwenzetu na sisi, walimu wawili wenye mishahara midogo na shule isiyokuwa na mtambo wa chapa? Tulikuwa na daftari. Tulikuwa na wanafunzi thelathini wenye hati nzuri. Ukurasa mmoja kwa mwanafunzi mmoja kila wiki, mbele ya macho yetu, mikono ikiwa imenawiwa, na kabla muhula haujaisha kitabu kingekuwa na ndugu. Wanafunzi wangejifunza hati, msamiati na vina kwa pamoja. Mchwa wangekula nakala moja na kuikosa nyingine. Hatukufanya, kwa sababu yeye alikuwa akilinda na sisi tulikuwa tukigawa, na kila mmoja alidhani wema wake umetosha.

Mwenzetu huyo amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Siku ile ya kabati alikaa kitini kwa muda mrefu, lile jalada likiwa magotini pake, wala hakusema neno. Hatukumlaumu wakati ule, na leo hatumlaumu. Bali kila tunapoingia shule mpya, jambo la kwanza tunaloliomba ni daftari la vitabu, na la pili ni kujua nani ana ufunguo.